Mapengo Mawili

Nilifika Lar na kinasa sauti, betri nane,
na jedwali nililolichora kwa rula ndani ya basi
usiku kucha kutoka Shirazi, barabara ikinipinda mistari.
Bibi Golabetun akanimiminia chai. Akauliza:
hayo maneno, ukishayachukua, sisi tutabaki na nini?

Tukaanza na kuona.
Wakati uliopo hauna makuu:
mtu huja nyuma ya tendo lake
kama mchunga nyuma ya mbuzi.
Likishapita, mambo hugeuka, mtu hutangulia:
om-di. Ukiipasua kama kokwa
hukuti ndani yake "niliona".
Unakuta "langu, lililoonwa".
Ot-di, lako. Osh-di, la yule.
Jana yote ina wenyewe,
imegawanywa kama maji ya birika mwaka wa ukame,
kila ndoo na jina lake.

Kwenda tu ndiko kumegoma. Na kulala, na kufika.
Hayo hata yakipita, mtu hubaki mkiani.
"Safari haina mwenyewe," Bibi alisema,
na mume wake yuko Kuwait tangu redio za mbao.

Kupika, kushona, kuuza: alinipa zote
huku akitoa kokwa za tende,
kokwa bakuli hili, tende lile.
Hadi tukafika kwenye kuiba.
Osh, akasema upesi, akamtaja na jirani,
na kuku, na rangi ya kuku.
Sasa sema wewe, Bibi: niliiba.
Akafuta vidole kwenye shungi.
"Sikuiba."
Ni sarufi tu, Bibi.
"Niweke om yangu mbele ya wizi,
na hiyo mashine yako inasikia?"

Nikaruka mstari. Kufa.
Alikufa, akasema. Walikufa, akawahesabu.
Ulikufa, akaniangalia, akacheka mpaka akakohoa.
Nilikufa?
"Hilo utalifuata siku nyingine.
Ukinikuta, sitakuwa nalo.
Usiponikuta, nitakuwa nalo, lakini sitasema."

Betri ya mwisho ilikata hapo.
Akaendelea kuongea gizani, feni imesimama,
akirudia om-di, om-di,
gari, vumbi, mkono dirishani,
na mimi sikuandika.

Profesa ameuliza mbona nimeacha mapengo mawili.
Kanuni ninaijua. Ningeyajaza kwa dakika moja,
kwa kalamu, bila kosa.
Lakini ndoo zile zina majina.