Niondoe Kivuli?

Nyumba namba mia tatu na kumi na nne, Sokomuhogo,
ghorofa mbili, mlango wenye njumu kumi na tisa zilizosalia.
Ofisi ilinituma: piga kabla mafundi hawajaja,
kila chumba, kila ufa.

Nikaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu,
mmoja nikautilia kipande cha boksi,
maana sakafu ya ukumbi imebonyea
kama godoro la mgonjwa wa siku nyingi.

Saa saba mchana. Dirisha linawaka,
na ndani giza limekaa kitako.
Kamera haiwezi vyote.
Ukiipa dirisha, inakunyima ukuta;
ukiipa ukuta, dirisha linaungua,
linabaki tundu jeupe lisilo na mbingu.
Ndiyo maana hupigwa tatu:
ya kwanza ya kiza, ione nje,
ya pili ya kadiri,
ya tatu ya mwanga uliopita kiasi, ichungulie mvunguni.
Usiku unazisuka ziwe moja.
Wenyewe twaiita HDR.
Makame, anayenibebea mizigo, huiita pilau.

Bi Zeyana hakuipenda habari hii.
"Hilo giza unalolifukuza," akasema,
"marehemu babu alilijenga. Alililipia.
Kuta za dhiraa nzima, dirisha jembamba,
ili jua likifika humu liwe limeshachoka.
Mimi, mwanangu, nimezaliwa pale."
Akaonesha kona kwa kidevu.

"Ni kazi tu, Bi mkubwa."

"Hata kuosha maiti ni kazi. Na mwosha huoshwa."
Akaenda kuchemsha chai.

Usiku, kwangu Mwembetanga, feni ikilalama,
nikazisuka,
na ukuta ukaanza kusema yasiyoulizwa:
masizi ya kibatari juu ya kidaka, umbo la jani la mkungu;
doa la mafuta ya nazi
pale kichwa cha mtu kilipoegemea miaka;
na konani, mistari ya penseli, vimo vya watoto:
Sabiha, Badi, Sabiha, Badi, Sabiha,
kisha Badi, Badi, Badi,
mpaka juu.

Nikasukuma zaidi. Tamaa.
Chokaa ikageuka rangi ya tambi za sikukuu,
boriti zikatoka mishipa kama mikono ya mpagazi,
nyumba nzima ikawa bibi harusi
aliyerembwa na mtu mwenye hasira.
Nikarudisha, taratibu.

Ndipo nikamwona.
Kumbe alikatiza ukumbi na sinia
nami nahesabu sekunde, sina habari.
Sasa yuko mara tatu:
mlangoni, kanga tu, hana uso;
katikati, mkono na birika,
na kifuani mwake unauona ukuta wa nyuma;
konani, pale alipoonesha kwa kidevu,
uso mzima, umetulia,
na mistari ya penseli inampita shavuni.

Programu ina kitufe cha mambo haya.
Ikauliza kwa adabu: kuna kivuli, kiondolewe?
Ofisi wanataka nyumba, hawataki watu.
Imeandikwa, kipengele cha nne.
Makame akapiga simu: "Bado tu? Pilau imeungua?"
Sikumjibu la maana.

Nikabonyeza ndiyo.

Akatoka mlangoni. Akatoka katikati.
Konani alipotoka, pakabaki pengo,
na programu, isiyojua kitu,
ikaliziba kwa kiraka cha picha ya kwanza,
ile ya kiza.
Ukumbi mzima unang'aa, kila ufa umehesabika,
isipokuwa pale: peusi, pamefungwa,
Sabiha na Badi ndani yake.

Jumatatu ofisi wakapiga simu.
Kona ya kaskazini haionekani, wakasema,
rudia.

Nikawaambia ndivyo ilivyojengwa.