Mstari wa Penseli

Nilianza na nyumba, nakiri.
Viwanja mia sita na kumi na viwili,
kila kimoja nilikipaka njano kwa mkono wangu,
kiti kikilia kila nikiinama.
Barabara nilizitia mwisho, kama chumvi.
Na njia ya basi,
njia ya basi niliichora kwa penseli
nikaandika pembeni: baadaye.

Mwaka ule korosho ilipanda bei.
Watu wakashuka kutoka Nanyamba na fedha mbichi
wakauliza, Mikoroshini ni wapi?
Tukawaonyesha kwa kidole.
Mikorosho yenyewe ilikwisha kukatwa,
jina tu ndilo tuliloliacha limesimama.
Matofali yakafyatuliwa hadi usiku,
bati za bluu, bati nyekundu,
mtaa ukakua kama mtoto wa mwisho:
hakuna aliyemwangalia,
siku moja suruali hazimfikii.

Basi huishia lami inapoishia,
kwenye kibanda cha Nambecha, mziba pancha.
Ukishuka, mbele yako kilomita nne za mchanga
na vijana wa bodaboda
wanaokutazama usoni kabla ya kutaja nauli.

Jumanne aliingia ofisini Somoe Hokororo,
mhudumu wa wodi ya wazazi, ametoka zamu ya usiku.
Viatu vyeupe mfukoni, miguuni kandambili.
Hakuja kulalamika. Alikuja na daftari:
upande mmoja hesabu za mwanawe, darasa la tatu,
upande wa pili hesabu zake.

Saa kumi na moja alfajiri, walioanza kutembea: arobaini na tisa.
Saa tatu usiku, walioshuka mwisho wa lami: themanini na mmoja.
Wenye watoto mgongoni: kumi na wawili.
Mwenye mkongojo: mmoja, yuleyule, kila siku.
Waliokata tamaa wakalala mjini kwa ndugu:
hapo aliweka alama ya kuuliza.

Nikamweleza habari ya bajeti.
Nikamwambia wenye magari wanataka abiria kwanza.
Akasema, na abiria wanataka gari kwanza,
sasa nani amngoje mwenziwe?
Tunafundishwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nyinyi, mwanangu, mmejenga kuta mia sita,
ufa ndio ule tunaoupita kwa miguu.

Kisha akaomba kuiona ramani.
Niliikunjua, nikaikandamiza pembe
kwa stepla na kikombe cha chai.
Akaitafuta nyumba yake: kitalu D, mia mbili na nne, njano.
Kidole kikatoka mlangoni,
kikatafuta pa kupita,
kikafika kwenye mstari wangu.
Akainama, akapuliza.
Alidhani ni unywele.

Sikumwambia kitu.
Sikumwambia pia kwamba pale nilipochora kituo
pana msingi wa duka la mtu,
na risiti anayo, na mhuri ni wetu.

Aliondoka kwenda kulala.
Daftari aliniachia hadi Ijumaa,
mtoto ana mtihani.

Nimechukua kalamu ya wino.
Nimeukwepesha mstari meta tisa kushoto,
nikamwacha mwenye duka na duka lake,
na kituo nimekisogeza karibu na zahanati
ambayo nayo bado ni karatasi.
Si kazi nzuri. Una kona ambayo dereva atanilaani.
Lakini ukipuliza, hauondoki.

Na ule mchoro wa awamu ya pili,
viwanja mia tisa, ungali mweupe pe,
nimeuanza na barabara.
Mkuu wangu amepita nyuma ya kiti, akauliza,
nyumba ziko wapi?
Nimemjibu: baadaye.
Hakucheka.

Leo saa tatu usiku nitakuwa kwa Nambecha, na kalamu.
Somoe yuko zamu,
na hesabu haina likizo.