Daraja la Tatu

Kazi yangu ni kukagua madaraja.
Nafunga kamba kiunoni, nashuka chini ya barabara kuu,
nagonga chuma kwa nyundo ndogo, nasikiliza.
Chuma kizima hulia. Kilichooza hunyamaza.
Mto Scioto unapita chini ya buti zangu, rangi ya chai ya juzi.

Kwenye karatasi za serikali nami nimepangwa darajani:
la pili, wenye shahada ya uzamili,
waliozaliwa India.
Miaka kumi na miwili foleni hiyo imesogea
kama konokono aliyesahau alikokuwa akienda.

Kila mwezi hutoka jedwali.
Raghunath hulifungua kabla hajapiga mswaki.
"Limesogea wiki moja," husema,
kama anayetangaza mtoto kaota jino.

Halafu, Septemba, daraja la tatu likaruka.
Waliokuwa nyuma yetu wakawa mbele,
na fomu zingepokelewa Oktoba,
labda Oktoba tu.

Bi Kowalczyk, wakili wetu, hana maneno mengi:
"Shuka. La pili usiliachie, lishike kwa mkono mmoja.
Ingia kwa la tatu. Upesi."

Prabhakar wa ghorofa ya juu akacheka.
"Nikeshe na vitabu miaka yote ile, kisha nijishushe mwenyewe?
Mimi nasubiri pangu."
Sikumjibu. Nimeona madaraja yenye nguzo za fahari
yakifungwa kwa kutu ya bolti moja.

Na Tejaswini ana miaka ishirini na miezi kumi.
Tulipoingia foleni alikuwa na minane,
pengo mbele, begi kubwa kuliko mgongo.
Sheria inasema akitimiza ishirini na mmoja si mtoto tena,
atoke kwenye faili letu, ajitafutie lake.
Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako:
sikujua kwamba methali nayo ina namba ya fomu.

Basi tukakimbia.
Sahihi ya mwajiri ni ya bwana Dunleavy peke yake,
na bwana Dunleavy yuko likizo, anawinda kulungu.
Nikaendesha saa mbili hadi msituni.
Akasaini juu ya boneti ya pikapu,
kalamu ikigoma kwa baridi, upinde begani.

Daktari wa vipimo kajaa hadi Desemba.
Tukampata mwingine Dayton,
akatutoa damu alfajiri, akatupa bahasha zilizobandikwa:
msizifungue.
Cheti changu cha kuzaliwa, kutoka Warangal,
kinasema "binti". Jina hakuna.
Shangazi zangu wawili wakaapa mbele ya mthibitishaji
kwamba binti yule ndiye mimi.

Tarehe ishirini na nane,
kilo mbili na nusu za sisi
zikaondoka na tarishi kwenda Texas.

Jedwali lililofuata likairudisha foleni ya tatu
miaka miwili nyuma.
Hakuna mlango uliobamizwa. Tarakimu tu, kimya.

Nilikutana na Prabhakar ngazini, kabeba gunia la mchele.
Hakucheka. Nami nilikuwa na maneno,
nikayameza, nikamshikia mlango.

Risiti zikaja Jumanne, tatu, karatasi nyepesi.
Teja akasoma yake amesimama, koti bado mwilini.
"Kwa hiyo mimi bado ni mtoto wako?"
"Wakili anasema huenda."
Akaguna, akafungua friji,
akala wali wa jana kwa mkono, sufuriani, baridi hivyo hivyo,
nami kwa mara ya kwanza sikumkaripia.

Risiti si kadi. Raghunath bado anaamka na jedwali.
Kesho nina daraja la Circleville,
dogo, la zamani, hakuna anayelipiga picha.
Nitashuka, niligonge penye kutu,
nisikilize.