Kutu Nyeupe

Miaka thelathini na moja nimekata mabomba ya mji huu.
Nayajua maji ya visima vya Mzakwe:
yanapita, yanaacha; yanapita, yanaacha,
mpaka bomba la inchi mbili linabaki na tundu
la kupitisha kalamu.
Mwenye nyumba hulalamika: "Fundi, mbona jana yalitoka?"
Ndiyo, mama. Jana yalitoka.

Leo nimelala chali, mkono wa kulia umefungwa ubaoni,
waya mwembamba umeingilia kwenye kifundo
ukapanda kwenda kunichungulia.
Dawa ilipomiminwa nikasikia joto
kama uji uliomwagika ndani ya shati.
Daktari akanigeuzia kioo.
"Huu ndio moyo wako, Mzee Chilongani."
Nikauona: mzabibu wa Hombolo
uliopukutishwa majani yote, unatetemeka.
"Hapa asilimia arobaini, tunapavumilia.
Hapa sabini.
Na hapa shinani, kabla haujagawanyika,
tisini."

Sikuuliza maana yake.
Bomba la tisini nalijua.
Hilo huligongi nyundo, hulizibui kwa waya.
Hilo unalipitishia jingine pembeni,
usiku, maji yamefungwa, mji umelala.

Alikuwa na fomu.
Sigara? Niliacha. Lini? Jumanne.
Sukari? Kidogo tu, nikasema,
akanionyesha namba, haikuwa kidogo.
Presha? Vidonge ninavyo, vipo kabatini, havijaisha.
"Ndilo tatizo," akasema, "havijaisha."
Nyama? Nikazikumbuka Jumamosi za mnada wa Msalato,
mbavu zinalia juu ya makaa,
mafuta yanachuruzika hadi kiwikoni, nayafuata kwa ulimi
kisipotee kitu.
Mama alitulea kwa mlenda na ugali wa uwele
tukauona ni umaskini.
Tukaukimbia kwa miguu hii,
kisha tukanunua pikipiki
na miguu nayo ikastaafu.

"Na baba yako? Alifariki kwa nini?"

Hapo nikanyamaza.
Baba aliangukia shambani, mwezi wa palizi,
jembe bado mkononi, ana miaka arobaini na tisa.
Siku tatu nzima alikuwa akilishika taya, akisema ni jino.
Kile kijilima cha kwenda kisimani
alikipanda akikaa mara mbili.
Sisi hatukuwa na fomu. Tulikuwa na mganga,
na mganga alikuwa na jina:
Nyawezi, shangazi yangu, dada wa baba tumbo moja.
Alitolewa kijijini na kigoda kimoja na kuku wawili.
Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Nilirusha jiwe.
Halikumpata. Aligeuka, akaniita
kwa jina langu la utotoni.

"Mzee, nimeuliza, baba alifariki kwa nini?"
"Andika moyo."
Akaandika. Herufi nne,
na miaka arobaini na mitano ikaporomoka
kama tembe lililonyeshewa wiki nzima.
Nikaongeza, kwa sauti ya chini,
kwamba mimi pia jino linaniuma tangu Pasaka,
na nimekuwa nikilitia karafuu.

Niliomba ruhusa ya siku moja, niende Kigwe nirudi.
Akatikisa kichwa. Shina hili halingoji Jumapili;
hata ngazi za wodini sizipandi tena.

Basi nimemtuma Lameki, kijana wangu.
Nyumba ya mwisho, ukishavuka reli,
bibi mmoja haoni vizuri, kigoda chake kipo mlangoni.
Akikataa kuja asimlazimishe.
Asimwambie naumwa, atadhani namhitaji kwa hilo.
Amwambie tu:
yule mtoto aliyerusha jiwe
amepigwa picha,
na limeonekana.