Bikoni

Kikao kilitangazwa saa nne, kikaanza saa saba.
Ofisi ya Kata ilijaa hadi mlangoni; sisi wa Majohe
tulisimama nje, tukichungulia kati ya nondo za dirisha.
Mhandisi Rutashobya akawasha picha ukutani:
mapipa ya chuma, zege, udongo mweupe,
na mshale mwekundu umechoma kilima chetu.

"Taka za nyuklia," akasema kwa upole wa daktari,
"si kama hizi mnazozijua."
Kweli. Tunazozijua zinashuka na malori usiku,
zina nzi, zina harufu, tunazibia pua kwa kanga.
Hizi, alisema, hazinuki.
Hapo mtu mmoja nyuma akaguna.

Mimi sikwenda kuilaani mionzi.
Mionzi ndiyo iliyomchoma dada yangu uvimbe;
siku ishirini na tano, pale Ocean Road, nilimshikia mkoba
nje ya mlango mzito wenye alama ya njano.
Akapona. Anauza vitumbua Gongo la Mboto hadi leo.
Najua basi: kinachoponya nacho kina makapi,
na makapi lazima yalale mahali.
Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na swali.

"Siwatu Mbonde, nauza maji ya kisima, ndoo shilingi mia.
Hayo mapipa yatakaa muda gani?"
Akapekua karatasi. "Miaka mia tatu. Kwa uchache."
"Na wajukuu wa wajukuu, nani atawaambia wasichimbe?"
"Tutaweka alama. Nguzo za zege, kila pembe."

Bikoni!

Ukumbi ukaangua kicheko, mwenyekiti naye,
kicheko cha watu walioibiwa pamoja.
Maana bikoni ya kiwanja changu, yenye namba ya serikali kichwani,
imehama mara tatu tangu ninunue:
kwanza ilikipisha choo cha jirani,
kisha ilitembea usiku na dalali,
mwisho nikaikuta uani kwa Mama Chuma,
imekuwa figa la tatu, inaivisha maharage.

Rutashobya hakucheka.
Akafunga kompyuta, akasogea dirishani,
akauliza chinichini, kama anayeuliza njia:
"Kisima chako kina kina gani?"
"Futi tisini. Njoo unywe."

Alikuja. Alikunywa kikombe kizima, hakusema neno.

Karatasi ya mahudhurio ilikwenda mjini bila sisi.
Juu yake, naambiwa, wamepiga muhuri:
Wananchi wameshirikishwa.
Nami nimo, namba arobaini na moja,
kwa mwandiko wangu mwenyewe.