Hema la Wawili

Keria ya honda yangu ni fupi,
na nusu yake imeshaliwa na kasha la barafu
lenye chanjo za ng'ombe.
Kilichobaki chatosha kitu kimoja:
hema, au machela.

Nimeviweka vyote barazani, hapa Mtambwe,
Jumatatu, alfajiri haijakauka.

Hema lina vigingi kumi na viwili.
Kumi na kimoja. Kimoja kilipinda Micheweni,
kule ardhi ni jiwe tupu:
unapiga nyundo, jiwe linakurudishia salamu.
Machela ni kitambaa cha parachuti,
ukiikunja inaingia ndani ya helmeti
kama paka aliyepata joto.

Mama katoka na upawa mkononi.
"Machela, Shaame? Machela hubebewa mgonjwa.
Babu yako alivushwa kutoka Fundo juu ya machela,
hakurudi kwa miguu yake.
Na Pemba yenyewe kiganja!
Chanja ng'ombe wako, rudi ulale kwenu."

Sikumjibu. Kitanda cha kwetu
kina upande mmoja usiokunjika shuka.

Haya, tuhesabu.
Minazini machela haifai:
nazi ikidondoka haibishi hodi.
Mikarafuuni haifai:
tawi la mkarafuu huvunjika kama biskuti,
na Mzee Mbarouk anazijua karafuu zake
moja moja, kwa majina.
Lakini hema nalo, usiku wa kaskazi,
ni mkate wa kumimina:
moto chini, moto juu,
na wewe katikati unaumuka.

Na siafu.
Kiuyu, mwaka ule, Subeti alisahau zipu.
Tulitoka mbio wote wawili,
yeye na kanga moja, mimi na aibu yangu,
tukirukaruka gizani, tukijichuna vichwa vya siafu,
tukicheka mpaka mbwa wa mbali wakajibu.

Mwaka wa pili huu yuko Maskati.
Anapika nyumba ya watu. Hupiga simu Ijumaa.

Ukilifungua hema, kwenye kona ya kushoto
kuna kibanio cha nywele. Sikitoi.
Nikilala mle nalala upande wangu,
mkono nimeukunja, nisimsukume mtu.
Machela haina upande.
Ukiingia umeijaza,
inakubana huku na huku
wala haiulizi mwenzio yuko wapi.

Bibi alikuwa na susu jikoni,
akitundika samaki, paka asimfikie.
Nami nataka nitundikwe hivyo,
siku mbili tatu tu,
kuna kitu kinazunguka chini
sitaki kinifikie.

Basi nikalirudisha hema ndani.
Nikafika kwenye honda. Nikarudi.
Nikachomoa lile turubai lake la juu, la mvua, na vigingi,
nikaacha chumba chenyewe kimekunjwa chini ya kitanda
na kibanio chake.
"Umelichuna," akasema Mama,
akaingia jikoni, akatoka na boflo mbili
na chupa ya chai,
ambavyo havikuwamo katika hesabu ya keria.
Nikavifunga mgongoni.

Makangale, saa nne za usiku.
Ng'ombe arubaini na tatu, na mmoja alinipiga teke.
Mivinje miwili, kamba imekaza,
honda imeegemea kigongo chake,
na manyunyu yanatia tia
juu ya turubai la wawili
lililofunika machela ya mmoja.

Si Ijumaa, lakini simu ikatetemeka.
*Umelala wapi?*
Nikaandika: *Nimetundikwa.*
Akacheka, vile vikatuni vya kucheka, vitatu.
Kisha kimya. Mvinje mmoja ukalia, kamba ikalegea kidogo,
nikashuka shibiri moja karibu na mchanga.
*Vigingi vyote unavyo?*
*Kimoja kilipinda. Kile cha Micheweni.*
Anaandika. Ameacha. Anaandika.

*Kinyooshe.*