Fainali Asiyoikumbuka

Hilaire Cazalbou, mwana wa mkata mizabibu,
namba tisa mgongoni, shingo fupi kama kisiki,
mimi ndiye niliyebeba ndoo.
Ndoo ya bati, maji ya mto Aude, sifongo moja
kwa pua kumi na tatu.

Montrabel raga yetu ni ya watu kumi na watatu.
Ile ya kumi na watano tumewaachia majirani
na madaktari wao wa meno.
Sisi huhesabu hadi sita:
ukikabwa mara sita, mpira si wako tena.

Nilikuona ukikabwa tangu una miaka kumi na saba.
Ukaamka. Ukakabwa, ukaamka,
tope masikioni, na masikio yenyewe
yameumuka kama unga uliosahauliwa kando ya tanuri.
Misimu kumi na minne. Mbavu tatu.
Na kidole kilichokataa kunyooka:
hadi leo ukielekeza mlango, chenyewe kinaonyesha dirisha.

Halafu fainali ya sabini na tisa.
Upepo wa sersi unayumbisha milingoti,
goti la mtu likakutana na paji lako.
Nikakimbia na ndoo.
Nikakuuliza, "Leo siku gani?"
Ukanitajia jina la mbwa wako.
Mzee Vidalenc akapaza sauti kutoka mstarini, "Vipi?"
Nami nikainua dole gumba.

Nimeinua mengi maishani,
makreti ya zabibu, jeneza la baba.
Hakuna kilichonilemea kama dole lile.

Ulirudi, ukafunga trai katikati ya milingoti.
Mji mzima unaikumbuka, isipokuwa wewe.
Muuza mikate amekusimulia, padri amekusimulia,
picha iko baa ya Odile, juu ya mashine ya kahawa:
unalibusu kombe, macho yako mbali
kama ya mtu anayesubiri treni.
Kila mwaka unacheka pale pa kuchekea.
Mimi najua unaisikiliza
kama habari za marehemu.

Goti lilipokwisha ukapewa filimbi.
Mechi tisa za kwanza, tukafungwa tisa.
Usiku wakaandika langoni kwako, RUDI SHAMBANI,
wakasahau kopo la rangi.
Jumamosi ukaja nalo, ukachora mstari wa meta ishirini.

Hukuwafundisha vijana kukimbia, walikuja wakijua.
Uliwafundisha kuanguka.
"Ajuaye kuanguka," ulisema, "ardhi humpokea kama mgeni.
Asiyejua, humdai kama deni."
Wakacheka. Wakaanguka. Wakaanza kushinda.

Ndipo ikaja fainali nyingine, Carcassonne,
tunaongoza kwa pointi mbili, zimebaki dakika kumi na mbili,
na Nadir Belhouari, namba tisa wako, yuko chini.
Nikakimbia. Ndoo sasa ya plastiki.
"Leo siku gani?"
Nadir akanijibu, "Ndiyo."
Mkono wangu, Mungu anisamehe, ulianza kuinuka wenyewe.

Hukuutazama.
Ulikuwa umeshaingia uwanjani, kiatu kimoja hakijafungwa kamba,
ukamshika mkono Nadir
kama mtu anayemvusha kipofu barabara.
Tukafungwa ishirini kwa kumi na nane.

Wiki nzima muuza mikate alikuuzia mkate wa jana.
Odile aliligeuza kombe likatazama ukuta.
Ukanunua mkate, ukanywa kahawa,
Jumanne ukawaita mazoezini.

Nadir ana watoto wawili sasa. Bado anakulaumu.
Anaisimulia dakika kwa dakika, kwa hasira,
rangi ya mawingu, harufu ya kitunguu
mdomoni mwa aliyemkaba,
anadai angeweza, angeweza kabisa.
Nawe unamsikiliza umeinama mbele,
humkatizi, unataka aanze tena mwanzo.

Mara tano nimefika langoni kwako
kukueleza habari ya dole gumba.
Mara tano nimeongea habari ya mvua.

Hii ni ya sita, Hilaire.
Shika.